Kimto cha Bega la Kushoto

Nasra mwanangu,

Ni desturi barua ianze kwa kuuliziana hali. Mimi hali yako naijua tangu zamani kuliko unavyodhani, na hapo ndipo penye kesi yenyewe. Kwa hiyo salamu nitaziruka, niingie ndani kabla woga haujanipata.

Mambo ya safari sitayaandika. Mamako ameshayamaliza kwenye ile karatasi aliyoibandika kwenye friji: dawa, soksi, namba ya simu ya shangazi yako wa Houston, usile nini tangu saa ngapi, kisha baada ya upasuaji uanze kutembea lini na chuo kinafunguliwa lini. Amesahau kitu kimoja tu, na hicho si chake kukiandika. Ni changu.

Sasa hivi ni alasiri. Wewe na mamako mmekwenda Mesquite kuaga watu. Mimi niko gereji mbele ya cherehani, na lile koti lako la chui liko mapajani mwangu. Ulikuwa umelipakia juu kabisa kwenye sanduku, na mimi nimelitoa bila ruhusa. Usikasirike bado. Yapo ya kukasirikia zaidi ya hilo.

Kesho asubuhi, kabla sijawasha gari, nitakupa bahasha hii. Utaisoma kiti cha nyuma. Najua Kiswahili chako cha kusoma huenda mdogo mdogo, kidole kwenye mstari na midomo ikicheza. Usione haya, kutoka Garland mpaka Houston tuna saa nne na zaidi. Nimechagua hivyo makusudi. Ningekupa hapa nyumbani, ningejitia nina kazi gereji mpaka umalize, na labda mpaka ulale. Nikiwa kwenye usukani, malori kushoto na kulia, sina pa kukimbilia.

Unakumbuka koti lilivyoanza? Ulikuwa na miaka kumi na tatu na nusu, na ile nusu ulikuwa ukiitaja kama cheo. Wasichana wa shuleni kwenu walikuwa wamevamiwa na wanyama: chui, pundamilia, mpaka chatu, kwenye mikoba na viatu na makoti. Ulinisumbua wiki nzima nikanyoosha mikono. Mamako akasema, "Haya, nendeni mkanunue ngozi. Kwetu wanyama twawakimbia, huku mwawavaa." Tukaenda duka kubwa la Mesquite, wewe mbele, mimi nyuma.

Ulijaribu makoti sita. La sita lilikuwa la pundamilia, lile ulilolitaka hasa. Ulitoka chumba cha kujaribia, ukasimama mbele ya kioo, ukalivuta upande mmoja, likarudi. Ukalivuta tena.

"Baba, mbona zote zina-lean? Look. It's like they made it crooked."

Nikasema, "Nguo za kiwandani hizo. Wanakata mia kwa mpigo mmoja, nani atashughulika na bega lako? Nitakushonea mwenyewe."

"For real? Ya zebra?"

"Pundamilia inanenepesha. Chukua chui."

Ukacheka, ukaniamini, ukalirudisha koti kwenye kitundikio chake. Nasra, lile koti lilikuwa limekatwa vizuri. Yote sita yalikuwa sawa. Ile mistari ya pundamilia ilishuka kutoka mabegani, ikafika katikati ya mgongo wako ikakengeuka, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako. Mtu mwingine angeona koti baya. Mimi nimeshika futi ya kupimia tangu nina miaka tisa. Niliona bega la kushoto limelala, nikaona mfupa wa bega la kulia umejitokeza nyuma, nikaona kiuno hakilingani huku na huku. Yote niliyaona kabla hujamaliza kugeuka. Na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa daktari. Kilikuwa kitambaa. Nilijiambia: mistari itamuumbua, madoa yatamsitiri.

Neno hilo, kusitiri, ni lazima nikueleze lilikotoka, si kwa kujitetea. Babu yako alikuwa fundi Mombasa, mtaa wa Kuze, chumba kimoja kinachotazama njia na cherehani mbili. Alinifundisha kazi kwa maneno machache na makofi mengi. Alikuwa akisema mshoni hafundishwi nguo, hufundishwa miili. Huyu ana kitambi, huyu mguu mmoja mfupi, huyu ziwa lake limekatwa hospitali. Fundi huona, hushona, hufunga mdomo. Watu walitoka pale dukani wamenyooka na siri zao zikabaki na baba yangu, naye alikwenda nazo kaburini. Nilidhani duniani hakuna kazi yenye heshima kama ile. Kwa mteja bado nadhani hivyo. Mteja anajua alicho nacho, na amekuja kwa miguu yake kuomba kifichwe. Wewe hukujua.

Na kuna mtu ambaye hujapata kumsikia. Nilikuwa na dada, jina lake Time, mkubwa wangu kwa miaka minne. Kwetu hatumtaji, na mimi nimeifuata desturi hiyo mpaka Marekani kama mtu aliyebeba sufuria lililotoboka. Mgongo wa Time ulianza kupinda alipokuwa na umri ule ule wako. Watoto wa mtaani walimwita kibiongo siku moja, na baada ya siku hiyo hakutoka tena bila buibui. Baba alimshonea mwenyewe. Ndani, upande wa bega lililolala, alitia kimto cha pamba, vile vinavyotiwa kwenye makoti ya suti. Kila mwaka alikifumua akaongeza pamba, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtungia uzi. Buibui lilimkaa vizuri hata wageni wakasema mashaallah, binti wa fundi ana umbo. Hakuna aliyemuuliza kama anaumwa. Akipanda ngazi alikuwa akisimama katikati, anajitia anatengeneza ushungi, kumbe anatafuta pumzi. Alikufa ana miaka ishirini na tisa, kifua kimebanwa na mifupa yake mwenyewe.

Sanda haina kimto. Wanawake waliomwosha walitoka ndani, na bibi mmoja jirani akamuuliza baba yangu mbele ya watu, "Fundi, kumbe huyu mtoto alikuwa hivi?" Baba akajibu, "Mungu amsitiri." Nami nikaitikia amina pamoja na wengine.

Ungedhani mtu aliyeyaona hayo, siku ile Mesquite angekubeba mgongoni akakimbia nawe mpaka hospitali. Hata mimi ningedhani. Nilipoliona bega lako nilimwona Time, nikaogopa, na mtu akiogopa hurudi kwa anachokijua. Nilimrudia baba yangu. Nilijiambia labda ni kukua tu, labda kutajinyoosha, na kwa sasa asionekane, asiitwe jina, watu wa msikitini wasianze kunong'ona, wachumba wasije wakarudi nyuma. Wachumba! Mtoto wa miaka kumi na tatu na nusu, na mimi nawaza wachumba.

Kitambaa nilikitoa maduka ya Harry Hines: manyoya bandia ya chui, mazito, bitana nyeusi inayoteleza. Ulisimama hapa hapa gereji, mikono pembeni, unatafuna ubani, nikakupima juu ya gauni. Bega la kushoto lilikuwa chini kwa vidole viwili. Sikuandika. Kwa kila mteja naandika vipimo kwenye daftari, kwako niliweka kichwani.

Manyoya hayakatwi kwa mkasi. Unayageuza, unakata mgongo wa kitambaa kwa wembe, taratibu, ili unyoya usikatike, na ukishashona unauchomoa kwenye mshono kwa sindano mpaka mshono wenyewe upotee. Nilikata upande wa kushoto mrefu kuliko wa kulia. Nilipanga madoa makubwa yaje kwenye bega lililolala, madogo kwenye lililoinuka, maana jicho la mtu likikutana na madoa hushughulika nayo na kuacha kutafuta mstari. Nikatia kimto. Nilifanya kazi ile jioni tisa, kila nikitoka kwa yule dobi ninakopunguza suruali za watu. Ndiyo nguo nzuri kuliko zote nilizoshona maishani. Naona aibu kuandika kwamba mpaka leo, nikilishika, najivunia.

Ulilivaa Idi ile. Ulizunguka sebuleni mara tatu, mamako akacheka akakuita kondoo aliyevaa ngozi ya chui. Ukaja ukanikumbatia, ukasema, "Baba, it fits. Kila kitu kingine ni crooked but this one fits." Nikasema alhamdulillahi. Nakumbuka niliangalia pembeni, nikajitia naokota uzi kwenye zulia.

Halafu ikaja ile karatasi ya shule. Darasa la nane, nesi anakuja kuwakagua wasichana migongo: mtoto anavua shati, anainama, basi, dakika moja. Wewe ndiye uliyenisomea. Ukasema wasichana wote wanafanya, na nesi ni mwanamke. Nikakuambia uandike kwamba kwa sababu za dini tunaomba usamehewe. Ulishangaa. "Lakini Baba, nesi ni mwanamke." Nikasema, "Andika." Ukaandika kwa ule mwandiko wako wa mviringo, nami nikatia sahihi. Nilijua dini haikunizuia. Mwenyezi Mungu hakunituma. Nililitumia jina lake kama bitana, kuficha mshono mbaya, na kwa hilo nina kesi nyingine mbele yake, mbali na hii ya kwako.

Ungekaguliwa siku ile, wangeona. Ungepewa mkanda mgumu wa plastiki, unaovaliwa mwilini ndani ya nguo miaka ya kukua mpaka mifupa ikomae. Hivyo ndivyo alivyokuja kusema daktari wa kliniki. Hakuapa kwamba mkanda ungefaulu. Alisema huenda ungeuzuia mgongo usifike hapa. Nguo pana ya kuvaa juu ya mkanda ule ningeishona jioni moja.

Ulirefuka. Ulipokuwa na miaka kumi na tano uliniletea koti, mikono imekuwa mifupi, nikaitia vikofi vyeusi vya kuirefusha, nikaachia mishono ya pembeni. Ulifikiri nimefanya hivyo tu. Nilifumua na bitana, nikaongeza tabaka la pili la pamba kwenye kimto. Miaka kumi na sita ukaleta tena, zipu imekatika, nikatia zipu na tabaka la tatu. Ile mara ya tatu nilikupima mara mbili, maana vidole viwili vilikuwa vimefika vinne. Ungeniuliza lolote siku ile, nadhani ningesema. Hukuuliza. Ulikuwa kwenye simu, unacheka na mtu, ukanipungia mkono wa asante. Sisemi hilo kukulaumu. Nasema nilikuwa mtu mzima aliyekaa akisubiri mtoto amuulize.

Maumivu yalipoanza ulisema ni kusimama sana kazini wikendi. Kisha ukawa huwezi kulala upande mmoja. Mamako ndiye aliyekupeleka kliniki, na mimi nikaja nyuma nimeshika funguo za gari. Daktari akasema uiname. Hakuchukua hata dakika. Akatuonyesha picha, uti wa mgongo wako mweupe kwenye kioo cheusi, umekwenda kulia ukarudi kushoto. Digrii hamsini na nane. Akaanza kuuliza, na wewe ukawa katikati yetu, unatafsiri kama ulivyotutafsiria kila kitu katika nchi hii tangu ulipojifunza kusoma.

"Baba, anauliza, lini mli-notice?"

"Mwambie mwaka huu."

"He says this year."

"Anauliza kama kuna mtu kwenye familia. With the same thing."

"Mwambie hakuna."

"He says no one."

Mamako alikuwa amekaa pale, naye hakuwa na la kujua. Time hakumkuta hai, na mimi sikuwahi kumwambia alivyokuwa. Uongo ule nilikupa wewe uutoe kwa mdomo wako, kwa sauti yako, ukiamini ni kweli. Katika yote niliyokufanyia, nikiamka alfajiri hilo ndilo hutangulia.

Yaliyofuata yalitokea kwenye gari. Mamako alibaki kliniki kuchukua karatasi. Ulikaa umejishika mikono, ukasema, "It's my fault. Ile bag. I always carried it on one side." Machozi yalikuwa yakikudondoka kwenye koti. Nilikuwa na nafasi, Nasra. Hakukuwa na mtu mwingine. Neno moja lingetosha. Nikasema, "Si nilikuambia uibebe mabega yote mawili?"

Ndivyo nilivyosema. Nimejaribu kukumbuka vingine na sijaweza. Na tangu siku hiyo nakuona ukibeba kila kitu kwa mikono miwili kifuani, hata mfuko wa mkate, kama mtu anayetumikia kifungo. Mamako akiniambia, "Mtoto ametulia siku hizi," mimi naitikia tu.

Sasa ujue nani alinivunja. Si mimi mwenyewe; usinipe sifa hiyo. Wiki iliyopita alikuja Sista Wanjiru, yule nesi wa Grand Prairie ninayempunguzia sare zake za kazi. Alikuwa amesikia unakwenda Houston kupasuliwa. Nikamwambia mambo ya mfuko wa vitabu, kwa ile sauti ya mzazi mwenye busara. Akanikata.

"Fundi, mfuko haupindishi mgongo hivyo. Nani amewadanganya? Hiyo hutokea tu mtoto akikua, haswa wasichana. Na mara nyingi iko kwa ukoo."

Alikuwa amesimama kwenye kile kiboksi cha mbao ninachopimia pindo, amevaa sare, na mimi nimepiga magoti na pini mdomoni. Akaniangalia kutoka juu. Hakuwa na ubaya, alikuwa anashangaa tu.

"Lakini wewe, fundi mzima, unaona pindo limepanda nusu inchi. Mtoto unaishi naye. Hukuona?"

Nikatoa pini mdomoni moja moja, nikaziweka chini. Nikasema, "Niliona." Kisha nikamweleza habari za Time.

Akashuka kwenye kiboksi, akabadilisha nguo, na mlangoni akaniambia, "Ningekuwa mimi, ningemwambia kabla hajalala kwa ile meza. Na madaktari wajue hiyo ya ukoo. Hiyo si siri yako, ni ya kifua chake." Sare yake bado iko hapa, sijaimaliza.

Mamako nilimwambia juzi. Nilitarajia kelele, nikajiandaa kwa kelele. Alikuwa akikatakata vitunguu. Alikiweka kisu chini, akanitazama, akasema, "Uliona. Ukashona." Basi. Maneno mawili, na miaka yetu ishirini ikawa imekaa kati yetu kwenye ile meza. Akaendelea na vitunguu. Baadaye akasema, "Mwambie mwenyewe kabla ya Houston. Nikimwambia mimi sitakuhurumia." Tangu juzi ananipakulia chakula na kuondoka. Simlaumu. Ukimkuta kesho kwenye gari ameangalia dirishani njia nzima, ujue anakungoja wewe umalize kusoma.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Ningetaka, lakini unakwenda kulazwa kesho kutwa kwenye meza ambayo zile karatasi zake ulizitafsiri mwenyewe, mpaka pale pa miguu kuweza kupooza, na sauti yako haikutetemeka. Mimi ndiye niliyetoka nje. Mtu katika hali hiyo haombwi kitu. Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Ukitaka nisiingie chumbani kwako hospitali, mwambie mamako, nitakaa chini kwenye gari, na sitauliza hadi lini. Shangazi yako ana chumba chako tayari, na baada ya hapo una chuo na maisha yako. Hulazimiki kunirudia.

Ninachotaka kukitua ni mzigo usio wako. Haikuwa bag, mama. Ungebeba mawe begani kushoto tangu darasa la kwanza, mgongo wako usingepinda hivi kwa ajili hiyo. Hukukosea jinsi ulivyosimama wala ulivyolala. Aliyekosea alikuwa nyuma yako kwenye kioo.

Na kama kuna kitu nimekipata katika miaka hii, ni kimoja, nacho sijui kama kinafaa kuitwa wosia. Mtu anayekupenda akiharakisha kukufunika, mgeukie umuulize ameona nini. Muulize hata kama ni mumeo, hata kama ni mimi. Mapenzi kwa Time yalikuwa mengi nyumbani kwetu. Hakuna aliyemchukia. Tulimfunika kwa mapenzi mpaka pumzi ikamwishia.

Sasa koti. Nimefumua bitana, nimekitoa kimto, nimeshona tena bila kitu ndani. Ukilivaa kesho litalala kushoto, na utaona kwenye kioo nilichokiona mimi Mesquite. Ulivae au usilivae. Lakini sikiliza: upande mmoja wa koti hili nimeukata mrefu, na huo siwezi kuufumua. Lilikatwa kwa mgongo uliopinda. Inshaallah wakikunyoosha Houston, ukapona, ukalijaribu tena, litakukaa vibaya. Litakuvuta, litapanda, litaning'inia kama yale ya dukani. Ndiyo dua ninayoomba kila sala tangu nilipopata ujasiri wa kuomba: kwamba nguo nzuri kuliko zote nilizoshona ikukatae.

Kimto chenyewe kimo humu kwenye bahasha, nyuma ya karatasi hizi. Kishike. Ukikipasua pembeni utaona matabaka matatu, uzi wa kila moja una rangi yake. Mweupe ni wa miaka kumi na tatu na nusu. Kijivu, kumi na tano. Mweusi, kumi na sita. Mimi sikuandika vipimo vyako daftarini, lakini mkono uliandika.

Kesho mchana, kabla ya kukulaza wodini, daktari wa Houston atauliza maswali yale yale. Watakuwa na mkalimani wao, au watakutegemea wewe kama kawaida. Usimwachie mkalimani. Mwonyeshe kimto. Mwambie kuna shangazi aliyeitwa Time, alikuwa na mgongo huu, na pumzi zilimwishia ana miaka ishirini na tisa. Na akiuliza ni lini familia iliona, usinitazame mimi kungoja jibu. Mwambie, "Baba aliona, nikiwa na miaka kumi na tatu na nusu." Nitakuwa nimesimama hapo hapo nyuma yako. Kiingereza changu ni kidogo, lakini sentensi hiyo nitaielewa.

Baba yako